Fimbo Ichaguliwe na Maji: Mwongozo wa Zana kwa Mvuvi wa Burudani katika Delta ya Rufiji

Na Mwandishi Wetu, Kibiti

Maji yanapoanza kupwa katika delta ya Mto Rufiji, mizizi ya mikoko hujitokeza taratibu, na kamba pamoja na samaki wadogo waliokuwa wamejificha humo hulazimika kutoka na kuufuata mkondo. Samaki wakubwa wanalijua hilo. Huwasubiri kwenye midomo ya vijito, pembeni mwa mkondo, hatua chache tu kutoka kwenye mizizi wanakoweza kurudi kujificha. Mvuvi anayetupa ndoana mahali hapo na kwa wakati huo huenda asisubiri sana. Lililobaki ni kama zana alizonazo zina uwezo wa kumtoa samaki huyo mikokoni kabla hajaukata mshipi.

Hilo ndilo jambo ambalo wengi wanaoanza uvuvi wa burudani, yaani kuvua kwa fimbo na ndoana kwa ajili ya mapumziko na si kwa biashara, hulisahau wanapoingia dukani. Huchagua fimbo kwa rangi, kwa jina la kampuni au kwa bei, kisha huipeleka kwenye maji wasiyoyajua. Matokeo yake ni mshipi unaokatika, samaki anayeondoka na ndoana kinywani, na mita kadhaa za nailoni zinazobaki zimejisokota kwenye mizizi ya mikoko. Nailoni hiyo haiozi upesi. Huweza kuwanasa ndege, kasa na samaki wengine kwa muda mrefu baada ya mwenyewe kurudi nyumbani.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua fimbo, rili, mshipi, ndoana na chambo kwa kuzingatia maji ya delta ya Rufiji na Wilaya ya Kibiti, pamoja na taratibu za kisheria na za usalama ambazo mvuvi wa burudani anapaswa kuzifuata.

Ushauri wa maji mengine

Sehemu kubwa ya maelezo yanayopatikana duniani kuhusu fimbo za kuvulia yameandikwa kwa ajili ya besi, samaki wa maji baridi mwenye asili ya Amerika Kaskazini. Katika Afrika Mashariki samaki huyo anafahamika zaidi katika Ziwa Naivasha nchini Kenya, alikopandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Katika delta ya Rufiji hayupo. Anayefuata maelezo hayo neno kwa neno hufika Nyamisati akiwa na fimbo nyepesi, mshipi mwembamba na rili isiyostahimili chumvi, zana zilizotengenezwa kwa ajili ya bwawa lililotulia.

Hata hivyo, lipo somo moja katika uvuvi wa besi linalofaa kuchukuliwa. Besi hujificha kwenye magugu na magogo yaliyozama, hivyo wavuvi wake hutumia fimbo yenye uti imara inayoweza kumgeuza samaki mara tu anapouma, kabla hajarudi mafichoni. Chewa wa mikokoni hufanya vivyo hivyo. Samaki wa jamii ya Lutjanus, ambao majina yao hutofautiana kutoka kijiji hadi kijiji, nao wana tabia hiyo. Mvuvi wa delta basi anachukua kanuni ya wavuvi wa besi, lakini anabadili vipimo.

Kuyajua maji kwanza

Mto Rufiji hukusanya maji ya Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu kutoka katika bonde lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 177,000. Unapokaribia Bahari ya Hindi hugawanyika katika mikono mingi, ikiwamo Simba Uranga, Kikunya na Msala, na kuzungukwa na msitu wa mikoko unaokadiriwa kuwa na hekta 53,000. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Kibiti, makao makuu ya wilaya inayobeba sehemu kubwa ya delta hiyo, ipo takribani kilomita 140 kusini mwa Dar es Salaam katika barabara iendayo Lindi na Mtwara.

Kwa mvuvi, maji ya eneo hili yana sifa nne zinazoamua aina ya zana.

Ya kwanza ni chumvi. Maji ya bahari huingia na kutoka mara mbili kwa siku, yakachanganyika na maji baridi ya mto. Chuma chochote kisichokingwa huanza kupata kutu ndani ya siku chache.

Ya pili ni mkondo. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu huzidi mita 3. Maji yote hayo hupita kwenye vijito vyembamba, na chubwi jepesi hubebwa kabla halijagusa chini. Wakati wa maji mafu mkondo hupungua, na uzito mdogo hutosha.

Ya tatu ni tope. Wakati wa masika mto huleta udongo mwingi na maji huwa na rangi ya kahawia. Samaki hutegemea zaidi kunusa na kuhisi mtikisiko kuliko kuona.

Ya nne ni mizizi. Mkoko, mchu, msinzi na mlilana huwa na mizizi iliyoshikwa na chaza wenye magamba makali kama wembe. Mshipi ulionyooshwa na samaki mzito ukigusa gamba hilo mara moja tu, hukatika.

Juu ya delta, katika tambarare ya mafuriko, hali ni nyingine. Huko kuna mabwawa na maziwa ya maji baridi, kama Zumbi na Utunge, yenye perege na kambale. Mtoni pia yupo samaki wa jenasi ya Hydrocynus, mwenye meno marefu yaliyochongoka, ambaye jamaa yake wa Ziwa Tanganyika huitwa kibebe. Aendaye kuvua perege ziwani na aendaye kuvua kolekole kwenye mdomo wa bahari hawawezi kutumia fimbo moja kwa ufanisi.

Fimbo

Fimbo ya kuvulia hupimwa kwa mambo matatu: urefu, nguvu na mpindo.

Urefu hutegemea mahali mvuvi anaposimama. Ndani ya mtumbwi au boti, katika kijito ambacho matawi ya mikoko yametanda juu, fimbo ya kati ya mita 1.8 na 2.1 inatosha. Iliyo ndefu zaidi hugonga matawi na kumsumbua aliyeketi mbele. Kwa anayevua kutoka kwenye fungu la mchanga karibu na bahari, fimbo ya mita 2.4 hadi 3 humsaidia kutupa chambo mbali na kuuinua mshipi juu ya mawimbi.

Nguvu ni uwezo wa uti wa fimbo kubeba mzigo. Watengenezaji wengi huandika juu ya mpini uzito wa mshipi na uzito wa chambo vinavyoifaa fimbo hiyo. Uzito wa mshipi mara nyingi huonyeshwa kwa herufi lb, yaani ratili, ambapo ratili 1 ni karibu nusu kilo. Fimbo iliyoandikwa lb 6 hadi 12 ni ya perege na samaki wadogo. Kwa chewa, kolekole na mzia wa delta, fimbo ya lb 15 hadi 30 ndiyo yenye uti wa kutosha kumzuia samaki asirudi kwenye mizizi.

Mpindo ni mahali ambapo fimbo huanza kukunjika. Fimbo inayokunjika karibu na ncha tu huwa na nguvu mapema na humgeuza samaki haraka, hivyo hufaa mikokoni. Inayokunjika hadi katikati hutoa nafasi zaidi samaki anapokurupuka, hivyo hufaa maji ya wazi ambako hakuna cha kumkatia mshipi. Namna rahisi ya kuupima mpindo dukani ni kumwomba mwenzako ashike ncha kwa upole huku wewe ukiinua mpini, kisha kutazama fimbo inapoanzia kupinda.

Kuhusu malighafi, fimbo za kaboni ni nyepesi na hupeleka mkononi kila mguso wa samaki, lakini hazipendi kugongwa. Ufa mdogo unaotokana na kugonga ukingo wa boti huweza kuivunja fimbo siku nyingine samaki anapovuta. Fimbo za faibaglasi ni nzito kiasi, ila huvumilia misukosuko ya safari na mikono ya mwanafunzi. Kwa anayeanza, na kwa anayesafiri kwa basi na kisha kwa bodaboda hadi ufukweni, fimbo ya faibaglasi au ya mchanganyiko, yenye vipande viwili vinavyounganishwa, ni chaguo la busara. Ikumbukwe pia kwamba kaboni hupitisha umeme: fimbo ya aina hiyo isiinuliwe chini ya nyaya za umeme wala wakati wa radi.

Kabla ya kulipa, kagua pete ambazo mshipi hupitia. Chukua kipande cha pamba na ukipitishe ndani ya kila pete. Nyuzi za pamba zikinasa, pete hiyo ina ufa au ukwaru, nayo itaula mshipi kidogo kidogo hadi ukatike.

Rili

Rili, yaani kifaa cha kukunjia mshipi, ipo ya aina kuu mbili. Ya kwanza huning'inia chini ya fimbo na ngoma yake haizunguki wakati wa kutupa; mshipi hutoka kwa kujifungua wenyewe. Ya pili hukaa juu ya fimbo, na ngoma yake huzunguka mshipi unapotoka. Hii ya pili hupendwa sana na wavuvi wa besi kwa kuwa hulenga vizuri, lakini ngoma isipozuiwa kwa kidole gumba huzunguka kupita kiasi na mshipi hujisokota kama kiota cha ndege. Anayeanza aichague ile ya chini ya fimbo. Ni rahisi kujifunza na ni rahisi kuisafisha.

Sehemu muhimu zaidi ya rili ni breki yake. Kazi ya breki ni kuuachia mshipi samaki anapovuta kwa nguvu kuliko mshipi unavyoweza kuvumilia. Kanuni inayotumika sana ni kuiweka breki ianze kuachia katika robo hadi theluthi ya uwezo wa mshipi. Kwa mfano, mshipi wa lb 20, unaobeba karibu kilo 9, unapaswa kuanza kuachiwa uzito unapofikia kati ya kilo 2.2 na kilo 3. Mizani ya kuning'iniza ya sokoni hutosha kupimia: funga mshipi kwenye ndoano ya mizani, vuta, na utazame uzito unaoonyeshwa ngoma inapoanza kuachia. Breki nzuri huachia kwa ulaini. Ile inayoshika na kuachia kwa kushtuka huukata mshipi.

Baada ya kila safari ya delta, rili isafishwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, yakimwagwa taratibu na si kwa kishindo kinachosukuma chumvi ndani. Ikaushwe, breki ilegezwe, na sehemu zinazosuguana zipakwe mafuta kidogo. Rili ya bei ya wastani inayooshwa hudumu kuliko ya ghali iliyosahauliwa na chumvi yake.

Mshipi na kipande cha mwisho

Mshipi wa nailoni ya uzi mmoja hunyumbuka, na mnyumbuko huo humsamehe mvuvi makosa yake. Ni wa bei nafuu, na mafundo yake hushika vizuri. Mshipi wa kusuka ni mwembamba zaidi kwa uwezo uleule, haunyumbuki, na humwezesha mvuvi kuhisi chambo kikigusa matope. Hata hivyo, ukisuguliwa kwenye gamba la chaza hukatika upesi, na ukizungushwa mkononi huku samaki anavuta huweza kukata nyama. Anayetumia mshipi wa kusuka avae glavu na asiuzungushe mkononi kwa sababu yoyote.

Kwa sababu ya mizizi na magamba, mwisho wa mshipi hufungwa kipande cha nailoni nene chenye urefu wa mita 1 hivi, kinachobeba uzito mkubwa kuliko mshipi wenyewe. Kipande hiki ndicho kinachokutana na mkoko, midomo ya samaki na mapezi yenye miiba. Anapotarajiwa mzia, au huko juu mtoni yule samaki wa meno marefu, nailoni pekee haitoshi. Huongezwa waya mwembamba wa chuma wenye urefu wa sentimita 20 hadi 30 karibu na ndoana.

Fundo lolote lilowekwe maji au mate kabla ya kukazwa. Nailoni ikikazwa ikiwa kavu hupata joto kwa msuguano na kupoteza sehemu ya nguvu zake palepale kwenye fundo. Vipande vyote vinavyokatwa virudi mfukoni au kwenye chupa na kutupwa nyumbani. Hili ni jambo dogo kwa mvuvi na kubwa kwa mikoko.

Ndoana, chubwi na chambo

Ndoana ya mviringo, ambayo ncha yake imeinama kuelekea kwenye shina, humshika samaki kwenye pembe ya mdomo mara nyingi zaidi kuliko tumboni. Hii ni faida kwa mvuvi, kwa kuwa samaki hatoki kirahisi, na ni faida kwa samaki mdogo anayerudishwa majini. Ndoana hii ina adabu yake: samaki anapouma, mvuvi hapaswi kuivuta fimbo kwa kishindo, bali huanza kukunja mshipi taratibu hadi ujae mzigo. Anayevuta kwa kishindo humnyang'anya samaki chambo.

Ndoana za chuma cha kawaida, zinazoshika kutu, zinafaa kuliko zile zisizoshika kutu kabisa. Mshipi ukikatika, ndoana ya kawaida huliwa na chumvi baada ya muda, ilhali nyingine hubaki mwilini mwa samaki. Aidha, kuubana kwa koleo ule mwiba mdogo ulio karibu na ncha hurahisisha kumtoa samaki, na kumtoa mvuvi pia pale ndoana inapoingia kidoleni.

Chubwi lichaguliwe kwa mkondo. Beba uzito wa aina tatu au nne, uanze na mwepesi, na uongeze hadi chambo kikae chini bila kubebwa. Machubwi mengi ni ya risasi, madini yenye sumu. Yasibanwe kwa meno, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Kwa chambo, maji ya tope huhitaji kitu chenye harufu: kamba, ngisi au kipande cha mkizi. Chambo bandia chenye umbo la samaki mdogo hufaa zaidi kiangazi, maji yanapokuwa safi karibu na bahari, na hasa maji yanapopwa. Anayenunua chambo kwa wavuvi wa kijijini hupata kilicho freshi, na huacha fedha mahali anapovua.

Usalama ni sehemu ya zana

Delta ya Rufiji ina mamba na viboko. Kwa hiyo mvuvi hasimami majini wala ukingoni mwa maji, hasafishi samaki kando ya mto, na haingizi mkono majini kuosha damu. Ndiyo maana wavu mdogo wenye mpini mrefu ni zana ya lazima: humwezesha kumpokea samaki bila kuinama juu ya maji.

Jaketi okozi livaliwe muda wote chomboni, si kukaliwa. Koleo refu lisikosekane, kwa sababu miiba ya hongwe na mkia wa taa vina sumu inayouma vikali. Aliyechomwa aoshwe jeraha, sehemu iliyochomwa itumbukizwe katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia ili kupunguza maumivu, kisha apelekwe kituo cha afya. Viatu vinavyofunika mguu wote vinahitajika kwa ajili ya chaza na miiba.

Mpango wa safari uzingatie kupwa na kujaa. Anayeingia kijito kidogo wakati maji yanapwa anaweza kukwama kwenye matope kwa saa kadhaa hadi maji yarudi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usomwe kabla ya kuondoka, hasa kipindi cha kusi, upepo unapochafua midomo ya mto. Wakati wa masika hali ya mto iulizwe kwa wenyeji na kwa uongozi wa kijiji. Mafuriko ya Aprili 2024 katika Wilaya za Rufiji na Kibiti yaliacha funzo kwamba mto huu hupanda na kuingia makazini, sembuse kwenye kambi ya mvuvi iliyopigwa ukingoni.

Leseni na mipaka

Uvuvi nchini unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Uvuvi wa burudani nao unahitaji leseni. Hatua ya kwanza kwa mgeni ni kufika kwa Ofisa Uvuvi wa Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti, ambaye ataeleza aina ya leseni, maeneo yanayoruhusiwa na masharti yanayotumika kwa wakati huo. Hatua ya pili ni kujitambulisha kwa uongozi wa kijiji na kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha ufukwe husika, maarufu kama BMU.

Mipaka ya hifadhi izingatiwe. Kuelekea bahari ipo Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, yenye taratibu zake. Kuelekea juu ya mto ipo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019, ambayo ipo chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania. Kuwa na leseni ya wilayani si ruhusa ya kuingia na fimbo katika maeneo hayo. Mikoko nayo ni hifadhi ya misitu inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mvuvi hakati matawi ili apate nafasi ya kutupa mshipi, wala hakati kuni za kuchomea samaki.

Kasa na nguva wanalindwa kisheria. Kasa akinaswa kwa bahati mbaya, asivutwe kwa mshipi kuingizwa chomboni. Asogezwe kwa wavu au kwa mikono, mshipi ukatwe karibu kabisa na ndoana, na aachiwe.

Kushirikiana maji na wenye maji

Kwa familia nyingi za vijiji vya delta, uvuvi ndio chakula cha jioni na ada ya shule. Mvuvi wa burudani anaingia katika eneo lao la kazi. Haifai kutupa ndoana karibu na nyavu zilizotegwa, kuwasha injini kwa kasi mbele ya mitumbwi ya makasia, au kumrudisha majini samaki aliyekwisha kufa huku mwenzake akihangaika kutafuta kitoweo. Samaki mdogo arudishwe akiwa hai, kwa mikono iliyolowa na bila kukawia. Wa kuliwa achukuliwe kwa kiasi cha kuliwa.

Njia bora ya kuheshimu eneo hilo, na pia ya kuvua vizuri, ni kumkodi mwenyeji mwenye chombo. Nahodha aliyekulia katika vijito hivyo anajua ni mdomo upi wa kijito una samaki maji yanapopwa usiku, ni wapi mamba huota jua, na ni saa ngapi ya kugeuza chombo kabla tope halijawafunga. Maarifa hayo hayauzwi pamoja na fimbo. Malipo yake hubaki kijijini, na humfanya mwenyeji awe na sababu moja zaidi ya kulinda mikoko dhidi ya kokoro na sumu.

Pa kuanzia

Kwa mwenye bajeti ndogo, mpangilio wa matumizi uwe huu: kwanza leseni na jaketi okozi, pili mshipi mzuri na ndoana sahihi, ambavyo ni vitu vya bei ndogo vinavyoamua mengi, tatu rili yenye breki laini, mwisho fimbo. Wengi hufanya kinyume, wakamaliza fedha kwenye fimbo na kuifunga mshipi hafifu uliokaa juani dukani kwa miaka.

Na kabla ya kununua chochote, ipo njia ya kujifunza isiyohitaji fimbo kabisa. Omba kukaa siku moja katika mtumbwi wa mvuvi wa mshipi wa mkono. Utaona ameuchagua mshipi wa unene gani, chubwi la uzito gani, ndoana ya ukubwa gani, na chambo kipi kwa maji yapi. Zana zake ni chache, na kila moja ipo kwa sababu aliyoilipia kwa samaki waliomponyoka. Uliza, sikiliza, kisha nenda dukani na orodha yako.

Anayefanya hivyo atanunua vitu vichache zaidi na atavitumia kwa muda mrefu zaidi. Atakapotupa ndoana yake Simba Uranga maji yakipwa, chewa atakapouma na kugeuka kuelekea kwenye mizizi, fimbo itapinda, breki itaachia kidogo, na mshipi utashika. Samaki atafika chomboni, na nailoni yote itarudi nyumbani na mwenyewe.